Sululu wa Norfolk, sululu wa Mida

Nilitoka King's Lynn, mji wa jimbo la Norfolk, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, na giza lilikuwa bado la usiku kabisa. Mwezi wa Januari huku jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi alasiri. Saa yetu ya Kiswahili, ile inayoanza kuhesabiwa jua likitoka, hupoteza maana yake majira haya. Kioo cha gari kilikuwa kimeganda jalidi. Nilikikwangua, nikavaa glavu mbili mbili, nikashika njia ya kaskazini.

Nilikokuwa nakwenda ni Snettisham, kijiji kilicho kando ya ghuba iitwayo the Wash, mashariki mwa Uingereza. Mito minne humwaga tope lake humo: Witham, Welland, Nene na Great Ouse. Maji yakipwa, unabaki uwanda wa matope unaokwenda hadi jicho lichoke. Mwaka 1216 msafara wa mfalme John ulipita pande hizo kwa njia ya mkato, na mizigo ya mfalme, hazina zikiwemo kama wasemavyo, ikamezwa na maji yaliyokuwa yakirudi. Watoto wa shule huku husimuliwa kisa hicho kama ajabu. Kwa mtu aliyezaliwa pwani si ajabu. Walivuka bila kuyauliza maji.

Siku nilikuwa nimeichagua kwa mwezi. Simu yangu ina jedwali la kujaa na kupwa, nami nililitazama, lakini nilikuwa nimeshajua: mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, na bamvua, yale maji makubwa ya bahari, haliji siku ileile ya mwandamo, huja siku moja mbili baadaye. Hayo sikuyasoma popote. Nimezaliwa kando ya hori ya Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na babu yangu aliyemzaa mama alikuwa mvuvi wa malema. Alikuwa akisema: "Mwezi ukiandama hesabu siku mbili. Ya tatu, maji yatakuja kukutafuta nyumbani." Kwetu maji ya bamvua hujaa alfajiri na tena alasiri, yakapwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo maana kina mama hushuka pwani wakati ule jua likiwa kali. The Wash ina saa zake. Hapa maji ya bamvua hujaa wakati wa kiamsha kinywa na wakati wa chakula cha usiku, na hupanda zaidi ya mita 6 kutoka kupwa hadi kujaa, karibu mara mbili ya Mombasa.

Hesabu hiyo ndiyo siri ya Snettisham. Siku za kawaida maji hujaa na kuacha ukingo wa matope ambako ndege wanaweza kuendelea kusimama. Siku za bamvua kubwa hakibaki hata kipande. Ndege wote wa upande ule wa ghuba, maelfu kwa maelfu, hulazimika kuondoka kwa wakati mmoja, na pa kwenda ni mahali pamoja tu: mabwawa yaliyo nyuma ya tuta la kokoto, ambayo zamani yalikuwa machimbo ya kokoto na leo ni hifadhi. Ukijua siku na ukijua saa, unasimama pale wanakupitia juu ya kichwa.

Kutoka maegesho hadi kwenye mabwawa ni mwendo wa kilomita mbili na zaidi. Nilitembea gizani, kokoto zikilia chini ya viatu, mkono wa kulia bahari siioni lakini naisikia. Mtu asiyeijua baridi ya pwani ya huku adhani ni baridi kama ya Limuru. Siyo. Upepo wa kaskazini unatoka moja kwa moja baharini, unapenya kwenye mshono wa koti, na machozi yanakutoka bila huzuni yoyote. Niliwaza kuwa saa ileile Mida ni kaskazi, saa tatu unusu asubuhi, mchanga umeanza kuchoma nyayo.

Kulipoanza kupambazuka nilisikia mabata bukini. Sauti yao hutangulia mbali, kama watu wengi wanaobishana ng'ambo ya mto, halafu ndipo mistari yao inatokea angani, mstari juu ya mstari, herufi zinazoandikwa na kufutika. Hawa ni mabata bukini wenye miguu ya waridi. Wanazaliana Iceland na Greenland, na sehemu kubwa yao huja Uingereza kupisha baridi. Usiku hulala kwenye matope ya ghuba ambako mbweha hawafiki. Alfajiri huingia bara kula mabaki ya viazisukari mashambani baada ya mavuno. Kuna jambo moja ambalo wajuzi wa hapa wanalijua na ambalo lilinifurahisha nilipoambiwa: usiku wa mwezi mpevu wanaweza kula mashambani kwa mwanga wa mwezi, na alfajiri yake huwaoni wakitoka baharini kama kawaida. Basi anayetaka kuwaona mabata bukini na maji ya bamvua asubuhi moja, aje na mwezi mchanga. Huo ndio mwezi niliokuja nao.

Walinipita kwa karibu nusu saa. Sikuhesabu.

Kwenye tuta nilikuta watu kama kumi na watano, wamejifunika hadi pua, darubini zao zimesimama kwenye miguu mitatu. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Nilisimama karibu na bibi mmoja mwenye kofia ya sufu, umri wake kama wa mama yangu, akanisogezea darubini yake bila kuniuliza lolote. "Tazama kwenye ukingo wa maji," akasema. Nikainama. Nilichodhani ni tope la rangi ya kijivu lilikuwa likitembea.

Walikuwa chamchanga. Huyu anayejaza matope ya the Wash Waingereza humwita knot; ana ukubwa wa kifaranga wa mwezi mmoja hivi, uzito kama gramu 140, na kiangazi huwa mwekundu kifuani kama tofali. Majira haya ni kijivu mtupu. Wa hapa wametoka Greenland na visiwa vya kaskazini mwa Kanada. Linnaeus alipompa jina la kisayansi mwaka 1758 alimwita canutus, kwa jina la mfalme Canute, yule ambaye masimulizi yanasema aliweka kiti chake ufukweni akayaamuru maji yasimame, ili wapambe wake waone kuwa mfalme hana amri juu ya bahari. Ndege huyu naye huishi palepale maji yanapogusa nchi, anarudi nyuma hatua kwa hatua.

Walirudi, wakarudi. Kila wimbi lilipopanda, zulia lile lilisogea. Wa nyuma waliruka kwenda mbele, na mbele ikawa ndogo zaidi. Halafu kipande cha mwisho cha tope kikafunikwa.

Sijui niseme vipi. Kwanza ni sauti, kabla ya macho kuelewa: mvumo kama mvua kubwa inayokuja juu ya makuti, unaisikia inatoka shamba la jirani na unajua imebaki dakika moja ikufikie. Kisha anga lote la upande wa maji likawa na mwili mmoja. Walipogeuza migongo walikuwa weusi, walipogeuza matumbo wakawa weupe, na rangi ile ilikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama kanga inapokung'utwa. Kozi mmoja aliingia kutoka juu, mabawa ameyakunja. Mwili ule ukapasuka katikati kumpisha, ukajifunga nyuma yake, ukawa mpira mzito, ukanyooka tena. Akatoka mtupu. Makundi yakaanza kupita juu yetu kuingia mabwawani, chini kabisa, na upepo wa mabawa niliusikia usoni. Bibi wa kofia ya sufu alikuwa amekaa chini kwenye kokoto zilizoganda, anatazama juu, mikono kwenye mapaja. Alikuwa ameshaliona jambo hili, aliniambia baadaye, tangu miaka ya sabini.

Saa mbili na robo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Bahari imejaa hadi kwenye tuta, tupu, kama hakukuwa na kiumbe.

Tuliingia kwenye kibanda cha kutazamia. Chamchanga walikuwa wamesimama kwenye visiwa vya kokoto, wamebanana bega kwa bega, vichwa vimefichwa mgongoni, hata huwezi kuona jiwe. Wakati huo ndipo bibi yule alinieleza mambo ya mdomo wao. Ncha ya mdomo wa chamchanga huyu ina vihisio vya shinikizo. Anauchomeka kwenye mchanga uliolowa, anauchezesha, na maji yaliyo kati ya chembe za mchanga yanamwambia kama kuna kitu kigumu karibu, hata asichokigusa. Anachokitafuta ni viumbe wadogo wenye maganda, kama kome. Huwameza wazima na maganda yao, na firigisi ndiyo inayovunja. Akikaribia safari ndefu firigisi ile hupungua ukubwa, maana hakuna haja ya kubeba kinu angani. Akifika huikuza tena.

Binamu yake, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, ndiye aliyeshika rekodi ya dunia. Oktoba 2022 kijana mmoja wa aina hiyo, mwenye umri wa miezi 5 tu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11. Hakupita njia hiyo kabla. Hakufuatana na wazazi, kwani wazazi huondoka mapema. Nimeirudia habari hii kwa watu wengi, na kila mara naisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ndoto.

Kwenye mfereji nyuma ya kibanda alisimama yangeyange mmoja, mweupe kati ya majani yaliyokauka, na moyo ulinishtuka kwa furaha kama nimeona mtu wa mtaa wetu. Huyu ana kisa. Mwishoni mwa karne ya 19 manyoya yake yaliuzwa kwa bei ya juu kupamba kofia za mabibi wa Ulaya, na wanawake waliochukizwa na mauaji hayo ndio walioanzisha chama mwaka 1889, mmoja wao Emily Williamson wa Didsbury. Chama hicho leo ni RSPB, chama cha kulinda ndege, na ndicho kinachotunza hifadhi ya Snettisham. Yangeyange mwenyewe alianza kuzaliana Uingereza mwaka 1996 tu. Kwa hiyo hapa yeye ni mwenyeji mpya, amekuja baada ya wengi wetu.

Nilimuaga bibi yule kwa kumshika mkono, na sote tulikuwa na glavu. Gari nililiacha palepale. Nilikusudia kutembea kaskazini kwa ufukwe, nipite Heacham, nifike Hunstanton, kisha nirudi kwa basi: kama kilomita kumi.

Mwendo wa kwanza baada ya Snettisham ni nyumba ndogondogo za mbao zilizopangwa nyuma ya tuta, nyingi zimefungwa madirisha hadi majira ya joto. Nyumba za aina hii zilikuwapo pia usiku wa tarehe 31 Januari 1953. Zilikuwa siku za mwezi mpevu, maji ya bamvua, na dhoruba ya kaskazini magharibi ikayasukuma maji yale juu ya maji. Bahari ilivuka tuta gizani. Uingereza peke yake walikufa watu 307, na nyumba za chini za Hunstanton na Heacham na Snettisham zilikuwa kati ya zile zilizopigwa vibaya zaidi. Kijana mmoja mwanajeshi wa anga wa Marekani, Reis Leming, aliyekuwa hajui kuogelea, alisukuma boti ya mpira kwenye maji ya baridi akaokoa watu 27. Kila nikipita hapa Januari namkumbuka yeye, na nayakumbuka maneno ya babu, ya maji kukutafuta nyumbani. Babu hakuwa akifanya mzaha.

Maji yalianza kupwa. Kwenye gati la mawe karibu na Heacham niliwakuta vipindua-mawe, kumi na wawili, rangi ya kahawia na nyeupe, miguu ya machungwa. Jina lao ndiyo kazi yao: hutia mdomo chini ya kokoto au mwani, huupindua, hula kilichojificha. Nilisimama hatua nne kutoka kwao. Hawakujali.

Hawa nawajua. Hawa wapo Mida. Chamchanga wa the Wash hawaji kwetu. Wao wana njia za magharibi. Lakini kipindua-mawe yupo Norfolk na yupo Watamu, kitwitwi mweupe anayekimbizana na mawimbi yupo Norfolk na yupo Malindi, sululu yupo kote kuwili. Si ndege walewale mmoja mmoja, maana wa kwetu hushuka zaidi kutoka Siberia kwa njia ya mashariki. Ni ukoo mmoja uliogawana dunia. Na mimi, niliyezaliwa pembeni mwa matope yao, nilikuja kuwajua majina nikiwa na miaka thelathini na minne, kwenye kibanda cha mbao, kwa kufundishwa na mgeni.

Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike. Utotoni tulisema "vitwitwi" tukamaliza. Kila kidogo chenye miguu mirefu kinachokimbia mchangani kilikuwa kitwitwi, kikubwa kidogo kilikuwa sululu, cheupe ni shakwe au buabua. Tuliwarushia mawe waruke. Vitabu nilivyosoma baadaye vilisema ndege hawa "hukaa Afrika wakati wa baridi", kama mtu anayekwenda likizo. Lakini fanya hesabu. Kipindua-mawe huko Aktiki ana miezi miwili hivi: kutaga, kulea, kuondoka. Mida anafika Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma, na anaondoka Aprili. Wakati huo ndipo mababu zetu nao waliposubiri kusi ianze ili majahazi yarudi Arabuni. Miezi minane. Nyumbani kwa mtu ni pale anapotaga yai, au ni pale anaposhinda miezi minane? Mimi nadhani ndege hawa ni wetu kuliko tulivyoambiwa, na kama ni wetu, basi tuna wajibu wa kuwaita kwa majina.

Na Mida kuna mmoja ambaye Norfolk hayupo: yule mkubwa mweupe na mweusi, mdomo mnene kama kisu, mla kaa. Huyo hazaliani kwenye baridi kabisa. Huzaliana kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman na pembe ya Afrika, tena kwenye shimo analolichimba kama panya, ili joto la mchanga lilitunze yai lake. Hakuna ndege mwingine wa matope afanyaye hivyo. Kaskazi ikitulia, maji yakijaa, unaweza kuwaona mamia wamejipanga Mida kama watu wa msikitini. Leo kuna daraja la kuning'inia linalopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, na ada ya wageni husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilipokuwa mtoto halikuwapo. Nikienda nyumbani nitapita hapo na wapwa zangu, na darubini nitanunua mbili.

Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimeshakufa ganzi. Niliwatazama vitwitwi wa mchanga wakikimbia peku kwenye maji ya nyuzi tano sita, wana gramu hamsini na kitu kila mmoja. Miguu yao haigandi kwa sababu mishipa ya damu inayoshuka imelala bega kwa bega na ile inayopanda: damu ya moto inaipasha ya baridi kabla haijafika kifuani, na yenyewe inafika unyayoni ikiwa imeshapoa, haina joto la kupoteza. Wimbi likija wanakimbia juu, likirudi wanakimbia chini, miguu haionekani kwa kasi. Nilikaa nao hadi nikaona aibu kwamba nimesimama njiani mwa mtu aliyekuwa akitembeza mbwa.

Baada ya Heacham, matope yakiwa yameanza kung'aa, nikamsikia sululu.

Nani amewahi kumsikia asisimame? Alianza chini, polepole, kama mtu anayejaribu filimbi, kisha akavuta sauti ikapanda, ikapanda, ikaanza kububujika. Kisha mwingine mbali akajibu. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo kwa Ulaya, mdomo wake umepinda kama mundu na ni mrefu kuliko shingo. Uingereza ina karibu robo ya wote wanaozaliana duniani, na tangu 2015 amewekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa nchi hii, kwa sababu vifaranga havikui: malisho yanakatwa mapema, mbweha na kunguru ni wengi. Alikuwa na ndugu, sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyetagia Siberia na kushukia pwani za Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa 1995, kwenye wangwa wa Merja Zerga nchini Moroko. Watu walimtafuta miaka mingi. Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha hesabu zao na kukiri kuwa amekwisha. Mimi mwaka ule wa 1995 nilikuwa mtoto nachezea matope. Ndege mzima, na sauti yake, ameondoka duniani ndani ya umri wangu.

Nilitoa glavu, nikawasha simu, nikarekodi sekunde arobaini. Upepo ulikuwa mwingi lakini sauti iliingia. Nikamtumia mama, nikasema: "Shikamoo mama. Sikiliza huyu. Niko pwani ya huku, kuna baridi mno. Unamjua ni nani?" Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Nilikuwa hata na picha ya kumtumia.

Hunstanton ni mji wa mashariki unaotazama magharibi, kwa kuwa uko kwenye mdomo wa ghuba, na majabali yake yana mistari kama keki: kahawia chini, nyekundu katikati, chokaa nyeupe juu. Nilifika saa saba mchana na jua lilikuwa tayari limeinama. Fulmari walikuwa wamesharudi kwenye vishubaka vya jabali, wamekaa wawiliwawili. Ni ndege wa bahari kuu, kwa mbali ungesema shakwe, ila huruka mabawa yamekakamaa kama mbao, na ukimkaribia kiota hukutemea mafuta yanayonuka wiki nzima. Chini yao, kwenye miamba yenye mwani, mbavu za meli ya uvuvi Sheraton, iliyosukumwa ufukweni na dhoruba mwaka 1947, zilikuwa zimeota kijani. Sululu mmoja alikuwa akitembea kati ya mbavu zile.

Nilinunua chai, nikakaa kwenye benchi nimeipa bahari uso. Simu ikatetemeka.

Sauti ya mama ilikuja na kuku nyuma yake, na mtu akitwanga. "Marahaba mwanangu. Jifunike. Huyo ni sululu, lakini si wa kwetu. Wa kwetu hakokoti sauti hivyo, wa kwetu huhesabu. Hupiga mara sita, mara saba, ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, basi, ananyamaza. Huyo wako anavuta. Yupo na Mida anayevuta, lakini mmoja mmoja, tena hukaa kule mbali kwenye matope ya Sudi."

Nilijua vitabu vinasemaje. Sululu mdogo, aliye wengi Mida, hutambulika kwa sauti yake ya vipande saba hivi vya haraka. Yule mkubwa huvuta na kububujika. Watu hununua sidii na kufanya mazoezi ili watofautishe.

Nikampigia. "Mama, nani alikufundisha?"

"Kufundisha nini?"

"Sululu. Kwamba wako wawili."

"Babako mkubwa na mimi ndio tulikuwa tukimsindikiza babu yako kwenye malema," akasema. "Usiku hakuna mwezi, huoni maji yako wapi. Yule anayehesabu akilia akipita juu ya kichwa, ndiyo tope limeanza kutoka, twende. Babu yako alikuwa na majina yao wote. Hukumuuliza?"

Chai ilikuwa imepoa mkononi. Nikamwambia anitajie, na kalamu nikaitafuta mfukoni kwa vidole visivyofunga.

"Ngoja nizime jiko," akasema mama. "Ni wengi."